Difu, Kompyuta na Mtani Wangu Pazi

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari mmeshanipigia simu kuniuliza soketi kubwa ya kufungulia nati za kitovu cha tairi iko wapi. Iko pale inapokaa siku zote, juu ya kabati la vichujio, na kama haipo basi mmoja wenu ameipeleka kwake. Nimeona afadhali niandike ninayoyakumbuka kwa mara moja, simu zipungue, nami nilime mihogo yangu kwa amani. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Ufundi wa magari sikuutafuta. Nilipomaliza shule baba alinipeleka Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, nikajifunze cherehani kwa mama mmoja aliyesifika kwa magauni ya harusi. Siku hiyo ya kwanza mama yule alichelewa kufungua, nikakaa kumngoja kwenye kibaraza cha jirani yake, Mzee Feruzi, aliyekuwa na gereji uani. Mzee alikuwa amelala chini ya pikapu, inaonekana miguu tu, ananyoosha mkono kuomba spana na hakuna mtu wa kumpa. Nikampa. Akasema siyo hiyo. Nikampa nyingine. Mwalimu wa cherehani alipofika nilikuwa nimeshazijua spana za Mzee kwa saizi, na gauni langu lilikuwa halifai tena kuvaliwa mbele za watu. Baba alinuna kwa muda mrefu. Kisha pikipiki yake ikaharibika, nikaitengeneza, akaacha kununa.

Kazi yangu ya wiki za mwanzo ilikuwa kuosha difu kwa mafuta ya taa kwenye karai. Kwa msomaji asiye fundi, difu ni ule uvimbe wa chuma ulio katikati ya ekseli ya nyuma. Nguvu ya injini ikifika pale inagawanywa kwenda tairi la kushoto na la kulia, na mgawanyo huo unayaruhusu matairi kuzunguka kwa mwendo tofauti, kwa sababu gari likikata kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Mzee Feruzi hakunieleza hivyo. Aliinua gari nyuma, matairi yote mawili yakawa hewani, akaliacha kwenye gia na kuniambia nizungushe tairi la kushoto kwenda mbele. La kulia likaenda nyuma. Nikamuuliza kwa nini.

"Kaa hapo mpaka ujue," akasema, akaenda kuswali.

Aliporudi nilikuwa sijajua. Akanywa chai, nikawa bado sijajua. Nilijua kesho yake nikiwa nakula, nikaacha chakula na kwenda kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akanirudisha kwenye karai.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma meno ya krauni kwa wanja. Krauni ni lile gurudumu kubwa la meno lililomo ndani ya difu, na meno yake lazima yakutane na ya pinioni, kile kigurudumu kidogo kinacholizungusha, pale katikati, siyo juu wala kwenye shina, la sivyo difu italia mpaka Nzega wakusikie. Vitabuni wana rangi maalumu ya kupaka meno ili yaache alama. Mzee Feruzi alichanganya wanja wa mkewe na tone la oili, akapaka, akazungusha, akasoma alama. Mkewe alikuwa mama mwenye macho mazuri, lakini tulipokuwa na difu nyingi alitoka hivyo hivyo bila wanja, na mtaa mzima ukajua gereji ina kazi. Nimetumia wanja mpaka nastaafu. Rangi ya dukani ipo kabatini, haijafunguliwa, mnaweza kuijaribu.

Nilijifunza pia kwamba difu husema uongo kwa msaada wa binadamu. Kulikuwa na lori la mpunga lililoletwa kutoka Igunga na mtu aliyekuwa amelinunua juzi tu. Alilalamika kwamba lina joto nyuma. Mimi nikashangaa lilivyo kimya, maana difu ya umri ule lazima inung'unike kidogo. Tulipofungua nati ya kumwagia oili hakikutoka kitu. Tukachokonoa kwa waya, ukashuka uji mzito. Muuzaji alikuwa amejaza pumba za mpunga humo ndani ili meno yaliyolika yasipige kelele. Mwenye lori alichukua kidogo kwenye kidole, akanusa, akasema kwa masikitiko kwamba hata mpunga wenyewe haukuwa wa daraja la kwanza.

Mzee Feruzi alipochoka na magoti, alinipeleka yeye mwenyewe kwenye karakana yetu, hii ya magari ya huduma za afya, akanikabidhi kwa maneno machache: "Huyu akiuliza kwa nini, msimjibu." Wakamtii kwa muda mrefu kupita kiasi. Hapo ndipo nilipokutana na Pazi.

Pazi ni Mzaramo wa Kisarawe, dereva, mtu mwenye mikono myepesi kwenye usukani na mdomo mwepesi zaidi. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa wageni wa mambo yetu, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe na nta kutoka huku Tabora mpaka pwani, wakapita kwao, wakalala kwao, wakagombana kwao, na mwishowe wote wakaona ni nafuu kutukanana kwa kucheka kuliko kwa marungu. Wasukuma nao wamo katika utani huo. Mtani anaweza kukuambia lolote na kuchukua chako chochote, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Anaweza kuja kwenye msiba wenu akakaa juu ya mchanga wa kaburi, akazuia lisifukiwe mpaka apewe kuku.

Kwa hiyo siku Pazi alipoleta gari lake karakana kwa mara ya kwanza, hakusema habari za asubuhi. Alisema, "Mpagazi wangu, mzigo huo, ubebe." Nikamwambia gari halina ugonjwa, limechoka tu kuendeshwa na mtu aliyelelewa kwa tui la nazi. Tukaelewana tangu hapo. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuambiana jambo kwa adabu. Aliwahi kunishawishi kwamba oili mpya ya gia, ikiwa halisi, inanukia mdalasini, nikainamia pipa kuinusa mbele ya karakana nzima. Nami nilimlipa lilipokuja gari jipya.

Gari hilo mnalijua, lile jeupe lenye mkonga wa kuvutia hewa juu. Lilikuja na kompyuta ya kuzuia matairi yasiteleze. Kila tairi lina kihisio kinachohesabu mzunguko wake. Tairi moja likianza kuzunguka ovyo, kompyuta inalikamata kwa breki ili nguvu iende kwenye lenzake, na ikiona bado hali ni mbaya, inaipunguzia injini pumzi. Nilimweleza Pazi hayo yote, na alikuwa amenyamaza kwa heshima, jambo lililonitia majaribuni. Nikamwambia kompyuta hiyo ina masikio pia, kwamba dereva akiimba nyimbo za ngoma inadhani gari linatetemeka. Aliendesha kimya mpaka Nzega. Alinipigia simu kutoka Nzega, na maneno aliyosema sitayaandika hapa kwa sababu huenda yakasomwa na wajukuu.

Gari lile lilitolewa kwa ajili ya kliniki ya Nesi Kabula. Nesi Kabula ni Msukuma, mkunga, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Mara moja kwa mwezi alipeleka chanjo na vipimo vya wajawazito kwenye kijiji kimoja kilichoko mbele ya Choma, ng'ambo ya mbuga. Mkisikia mbuga msifikirie swala. Huku kwetu mbuga ni udongo mweusi, kiangazi una nyufa za kumeza mguu, masika ni gundi. Akina mama wa vijiji vya nyuma yake walishuka kutoka majumbani alfajiri, wakakusanyika kwenye jengo la shule, wakamngoja. Miaka ya nyuma mmoja wao alijaribu kuvuka mwenyewe kwenda Igunga akiwa na uchungu, akajifungulia matopeni, na Kabula ndiye aliyemfuata kwa miguu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Kabula aliianzisha kliniki ile baada ya hapo, na hakupenda kuulizwa sababu.

Masika ya kwanza ya gari jipya, Pazi aliingia mbugani akiwa na imani yote na kompyuta yake. Walikwama kabla ya katikati. Niliwahoji wote wawili baadaye na nikaelewa kilichotokea. Tairi moja linateleza, breki inalibana, la pili linaanza, linabanwa, na wakati huo tope limejaa kwenye meno ya matairi na hakuna hata moja linalozunguka kwa kasi ya kulitupa. Kompyuta ile si mbaya, barabara ya changarawe inaiweza vizuri sana. Lakini aliyeitengeneza hajawahi kuambiwa habari za Choma. Waliokolewa na Mzee Masanja, mfugaji mwenye maksai wa kulimia, aliyelivuta gari kinyumenyume huku akilisifu kwa uzuri wake. Wakati wanatoka, akina mama walikuwa wameshakata tamaa na kurudi makwao.

Ofisi ikatoa uamuzi. Safari ikishindikana tena masika hayo, kliniki ya ng'ambo ya mbuga ifutwe, na wanaoihitaji waje Igunga wenyewe. Kabula alikuja karakana na habari hiyo, akakaa juu ya tairi bovu.

"Waje Igunga wenyewe," akasema. "Kwa njia gani, Fundi? Njia si ndiyo hiyo hiyo iliyolishinda gari?"

Njia nyingine haikuwepo. Ila nilikuwa na sanduku. Aliyeliagiza gari lile alikuwa na akili, aliagiza pamoja nalo difuloki ya hewa, na sanduku lilikuwa stoo tangu siku gari lilipofika kwa sababu kila mtu aliamini kompyuta inatosha. Difuloki inafanya jambo moja tu. Ukibonyeza swichi, hewa inasukuma kipande cha chuma ndani ya difu, na matairi mawili ya nyuma yanafungwa pamoja yazunguke sawasawa, moja likiwa kwenye tope na lingine pakavu. Hapana tena tairi la kuzunguka bure na lingine la kutazama. Nilimwambia Kabula anipe muda kidogo. Niliona macho yake yakinitegemea, nikatamani angekuwa amekwenda kumwambia mtu mwingine.

Kazi yenyewe nitaieleza kidogo kwa faida yenu, maana ipo siku mtaifanya. Mkichomoa hafushafti, zile fito za chuma zinazotoka kwenye difu kwenda matairini, zivuteni zikiwa zimenyooka, kwa sababu kwenye magari haya kule mwisho kuna pete ya kihisio, na ukiikwaruza kompyuta itaona tairi lisilokuwepo. Krauni ile ile ya zamani inahamia kwenye nyumba mpya ya difuloki, kwa hiyo zisafisheni nyuso zake mpaka ukucha usikwame. Nati zake zikazeni moja kisha ya mkabala wake, na ziwekewe gundi yake. Baada ya hapo ni beringi na shimu, zile pete nyembamba za kusogeza krauni huku au kule. Hapo hakuna njia ya mkato. Nilifunga, nikapaka wanja, nikazungusha, alama ikaangukia ukingoni. Nikafungua. Nikabadilisha shimu, nikafunga tena, ikaangukia ukingo wa pili. Pazi alikuwa amesimama mlangoni akiniuliza kama namrembesha bibi harusi. Ilipokaa katikati sikumwita mtu kuona, nilikaa nayo mwenyewe kwa muda.

Tundu la bomba la hewa toboeni kwa utaratibu, kekee ikiwa imepakwa grisi ili inase vumbi la chuma, na baadaye piteni na sumaku humo ndani. Bomba lenyewe liachieni nafasi ya kutosha, maana ekseli inashuka sana gari likiingia shimoni, na bomba lililokazwa kwa unadhifu hukatika siku ya kazi. Liwe mbali na ekzosi. Nilipomaliza niliinua gari, nikapiga loki, nikazungusha tairi la kushoto kwenda mbele. La kulia nalo likaenda mbele. Nilimkumbuka Mzee Feruzi, aliyekuwa ameshatangulia, na nilihuzunika kwamba hakuiona.

Ikabaki kompyuta. Kompyuta haikujua kwamba difu ya nyuma sasa inaweza kufungwa. Matairi ya mbele yakiteleza, nayo yatateleza tu kwenye tope lile, ingeona fujo, ingebana breki na kuikaba injini, na nguvu yote niliyoifungia nyuma isingepatikana. Kukata nyaya zake sikutaka, kwa sababu kifaa hicho kikifa unangoja kingine kutoka nje huku watu wanakuangalia. Ila gari lina kitufe cha kuizima, upande wa kulia wa usukani, karibu na mlango. Ukikibonyeza mara moja na kuachia, inazimika nusu. Ili izimike yote, gari lazima lisimame kabisa, ubonyeze, ushikilie, usubiri mpaka taa ya njano iwake. Ndipo upige loki.

Nilimweleza Pazi siku hiyo hiyo. "Unasimama," nikamwambia. "Unabonyeza hiki, unakishikilia, unatulia mpaka taa iwake. Usiachie mapema."

"Natulia," akasema Pazi.

"Unatulia."

"Na kuimba je?"

"Kuimba unaweza. Lakini usiachie."

Akatikisa kichwa taratibu, akanipa mkono, akasema ameelewa kabisa. Na kweli alikuwa ameelewa, ila alichoelewa ni kingine.

Safari ilipofika nilipanda nao, kiti cha mbele kushoto, kwa sababu sikuwa na moyo wa kungoja habari kwa simu. Kabula alikaa nyuma na sanduku la baridi la chanjo mapajani, amelikumbatia. Tulilala Igunga, asubuhi tukapita Choma, tukafika ukingo wa mbuga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Upande wa pili, mbali, paa la shule lilionekana, na chini yake rangi za khanga. Walikuwa wengi. Kabula alisema wingu lililokuwa likija likianza kumwaga, watatawanyika, kwa sababu wana njia ndefu ya kurudi na watoto mgongoni.

Mzee Masanja alikuwa ameshafika na maksai wake, amewafunga nira kabisa. "Mwangaluka," akatusalimu kwa Kisukuma, kwa furaha ya mtu aliyeona kazi yake inakuja. Pazi akamwambia leo maksai wamechoshwa bure. Tukaingia.

Gari lilikwenda vizuri mpaka pale katikati ambapo maji yalikuwa yametuama. Likaanza kuyumba. Pazi akapiga loki, taa yake ikawaka, nikahisi nyuma pameshika, tukajivuta, nami nikaanza kutabasamu peke yangu. Mara injini ikanyong'onyea. Haikuzimika. Pazi alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho, nayo inanong'ona tu, na breki zinagonga huku na huku chini yetu. Gari likasimama na kuanza kuzama taratibu.

"Pazi," nikasema. "Umeizima kompyuta?"

"Kompyuta ipi?"

"Kitufe. Nilikwambia usimame, ubonyeze, ushikilie, utulie."

Akanitazama, kisha akaangua kicheko. "Mpagazi wangu, hata hapa? Mara ile uliniambia nisiimbe. Leo unataka nitulie na kidole kwenye kitufe mbele ya mzee wa watu, mkanisimulie Tabora nzima."

"Sitanii. Bonyeza."

"Ndivyo ulivyosema na mara ile."

"Dereva," akasema Kabula kutoka nyuma, "fanya anavyokuambia."

"Na wewe Msukuma ndiye nikuamini? Mmepanga tangu Igunga, nawajua." Akakanyaga mafuta tena, tukashuka kidogo zaidi.

Kitufe kilikuwa upande wake, nami sikuweza kukifikia bila kumkalia. Mzee Masanja alikuwa amefika na maji ya magotini, akasikia mabishano. Akamwambia Pazi kupitia dirishani, "Dereva, wasikilize wenzio, wanajua." Pazi akatugeukia kwa ushindi. "Mmemweka na huyu?" Hapo nikauona mkasa wetu ulivyo. Kuanzia Choma mpaka kule kwenye paa la shule hapakuwa na binadamu hata mmoja asiyekuwa mtani wa yule bwana. Hata akina mama kule wangepiga kelele wote kwa pamoja abonyeze kitufe, angewapungia mkono.

Kabula alikuwa akitazama zile khanga, na baadhi zilikuwa zimeanza kuondoka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye sanduku. Niliogopa sana. Nikatafuta la kumwambia Pazi ambalo halijawahi kutumika kati yetu, nikalipata.

Nikakaa vizuri kitini. Nikafunga mikono mapajani. "Ndugu Pazi," nikasema, "samahani kwa usumbufu. Naomba tafadhali, kama hutajali, ubonyeze hicho kitufe na kukishikilia. Nitashukuru sana."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Alinigeukia polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akavua kofia.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "kuna msiba?"

"Bado," nikasema. "Bonyeza."

Akabonyeza. Akashikilia kwa kidole gumba, na mkono wa pili akaushika ule wa kwanza usije ukateleza. Taa ya njano ikawaka. Loki ilikuwa bado imeshika. Akaweka gia nzito, akagusa mafuta. Injini ikaitika kwa sauti yake yote. Matairi ya nyuma yakazunguka pamoja, yakatupa tope juu ya paa, juu ya mkonga, juu ya Mzee Masanja, yakajisafisha, yakauma chini. Gari likatikisika na kupanda kutoka kwenye shimo lake. Pazi hakuongeza wala kupunguza mafuta, alilishika hivyo hivyo kwa ile mikono yake myepesi, mita baada ya mita, mpaka matairi ya mbele yakagusa udongo mgumu wa upande wa pili. Kwa haki nitasema, tope lile si kila dereva angelivuka hata akiwa na difuloki.

Nyuma yetu Mzee Masanja alijipangusa uso, akawageuza maksai bila kutupungia.

Tulipopanda kile kimwinuko Pazi alipiga honi mfululizo. Wale waliokuwa wameshaingia kwenye njia ya mtama walisimama, wakageuka, wakarudi wakikimbia na watoto wakiruka mgongoni. Kabula alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Hakutushukuru, alinipa mzani wa kupimia watoto na kuniambia niutundike, kisha nishike mstari. Nilipima watoto mpaka jioni nikiwa na oili kwenye kucha. Pazi aliwekwa kwenye kubeba maji, na kila mama aliyesikia Kiswahili chake cha pwani alimtukana kwa upole, mpaka rangi yake ikamrudia.

Tulipokuwa tukifungasha, bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni alimsogelea Kabula. Alimuuliza kama mwezi ujao tutakuja, au wasijihangaishe. Masika kama yale Kabula hakuwahi kumwahidi mtu. Siku zote aliwaambia tutaona, maana alishawangojesha bure na aliwaonea haya. Safari hii aliacha alichokuwa akifunga. Akalitazama gari lililogandwa na matope mpaka madirishani. Akanitazama mimi.

"Tutakuja," akamwambia.

Nilifurahi na nikaingiwa na hofu kwa wakati mmoja, kwa sababu neno lile alilisema juu ya kazi ya mikono yangu na hakuniomba ruhusa. Bibi akaridhika, akawapitishia wenzake habari, wakashika njia.

Tangu siku hiyo gari halijawahi kukosa. Kule ng'ambo hawajui kwamba fundi amestaafu, wala hawana haja ya kujua. Alhamisi hii watashuka tena na watoto mgongoni, kwa kuwa waliambiwa tutakuja. Kagueni oili ya difu.